MGODI HAUJISAHIHISHII MTIHANI

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wenzangu jijini Dar es Salaam. Waliokuwepo waliniomba niyaweke gazetini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila sasa nazungumza na wewe msomaji ambaye hukuwepo.)

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali dogo. Mwanafunzi wa kidato cha nne akifanya mtihani, kisha akapewa kalamu nyekundu ajisahihishie mwenyewe, atapata divisheni gani? Huhitaji kufika chuo kikuu ili ujibu. Mimi niliishia sekondari na jibu ninalo: atapata divisheni wani, tena ya pointi saba.

Basi hivyo ndivyo migodi mikubwa inavyojipatia sifa za kutunza mazingira. Kila mwaka kampuni hutoa kitabu cha karatasi ya kung'aa. Ndani kuna picha ya mche wa mti, mtoto anakinga maji bombani na mzungu amevaa kofia ngumu. Chini wameandika kuwa mazingira yanatunzwa na viumbe hai wanalindwa. Nani kasema? Kampuni. Nani kapima? Mtu anayelipwa na kampuni.

Leo nataka nikukabidhi wewe hiyo kalamu nyekundu. Usahihishaji wa mgodi si uchawi. Ni maswali matano tu, na ukiyashika hakuna mtu atakayekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Najua utaniuliza: "Mimi ni mtoto wa Manzese, Nyamongo inanihusu nini?" Inakuhusu. Mgodi wa North Mara uko Nyamongo, wilayani Tarime. Jirani yake unapita mto Tigithe, unaomwaga maji yake kwenye mto Mara. Mto Mara unaingia Ziwa Victoria. Sato unayemla kwa mama ntilie na dagaa unaonunua kwa kipimo sokoni wanaweza kuwa wametoka ziwa hilo. Sisemi samaki huyo ana sumu. Ninasema una haki ya kujua badala ya kubahatisha. Isitoshe, tangu makubaliano ya 2019 na 2020 kati ya serikali na Barrick ya Kanada, serikali ina hisa asilimia 16 katika mgodi huo. Kwa maneno mengine, na wewe mlalahoi umo katika biashara hiyo, hata kama hujawahi kuona chembe ya dhahabu.

SWALI LA KWANZA: KABLA YA MGODI KULIKUWA NA NINI?

Mwaka 2009, mwezi wa Mei, maji yenye tindikali yalivuja kutoka North Mara na kuingia Tigithe. Tindikali hiyo hutengenezwaje? Mawe yenye dhahabu mara nyingi yana salfa ndani yake. Yakiwa chini ya ardhi yametulia. Ukiyachimbua ukayarundika juu, yakapata hewa na mvua, yanatoa maji makali kama ya betri ya gari. Maji hayo yakipita kwenye mawe yanayeyusha metali zilizomo na kuondoka nazo.

Kampuni ilieleza kuwa kuna watu waliiba plastiki iliyotandikwa kuzuia maji yasitoke. Wanavijiji walilalamika kuwa watu wameugua na ng'ombe wamekufa, na kampuni haikukubali. Watafiti wa Norwe na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vyao mwaka 2012, vikionyesha aseniki nyingi katika baadhi ya maji ya jirani na mgodi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Aseniki huweza kuwepo kwa asili kwenye mawe ya dhahabu. Mgodi unaweza kusema: "Sumu hii ilikuwepo kabla yetu." Mwanakijiji atasema: "Babu yangu alikunywa maji haya na hakudhurika." Nani mkweli? Huwezi kuamua bila kipimo kilichochukuliwa kabla ya trekta la kwanza kufika. Mgodi huu ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgodi wowote ni hili: vipimo vya maji, udongo na viumbe vya kabla ya kuchimba viko wapi, na mwananchi anavisoma wapi?

Nitoke mgodini kidogo niende kwenye umeme, maana somo kubwa liko huko. Chura wa Kihansi unamkumbuka? Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, wakati uamuzi wa kujenga bwawa la umeme ulikwishapita na kazi imeanza. Duniani kote alikuwa akiishi hapo tu, kwenye rasharasha za maporomoko. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo na rasharasha zikapungua. Ikabidi vyura kama 500 wapelekwe Marekani kufugwa. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kuwa porini wamekwisha, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Wengi walimcheka chura yule. Mimi namwona ni mwalimu. Ukihesabu viumbe baada ya kuanza kumwaga zege, umeshachelewa.

SWALI LA PILI: NANI ANACHOTA MAJI YA KUPIMA?

Machi 2022 maji ya mto Mara, kuelekea daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ikaja na jibu kuwa chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, mambo yaliyomaliza hewa ya oksijeni majini. Mgodi haukuhusika. Nchi nzima ikacheka. Vijiweni ng'ombe wakafanywa vichekesho.

Sasa nisikilize vizuri. Kicheko si ushahidi. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha utafiti kutoka mto huohuo, upande wa Kenya, wakionyesha kuwa kinyesi cha viboko kikisombwa na mafuriko kinaweza kumaliza oksijeni na kuua samaki wengi. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana kisayansi. Basi kwa nini watu hawakuamini? Kwa sababu walitangaziwa majibu bila kuzoeshwa vipimo. Laiti vipimo vya Tigithe na Mara vingekuwa vinabandikwa kila mwezi kwenye ofisi ya kijiji na kuchapwa magazetini, Machi 2022 kila mtu angefungua ukurasa na kulinganisha. Mwenye kosa angejulikana, na asiye na kosa, hata kama ni mgodi, angesafishika.

Kwa hiyo uliza: nani alichota maji? Alichota wapi, juu ya mgodi au chini yake? Lini, kiangazi au masika? Maabara ni ya nani? Ukichota maji juu ya mgodi siku ya jua kali, utapata maji ya kubatizia mtoto. Mtihani wa kweli ni chini ya mgodi, siku mvua kubwa imenyesha, na mwanakijiji amesimama pale akiona chupa inafungwa.

Na usidanganyike na vyeti. Kuna cheti kinaitwa ISO 14001, kampuni nyingi zinakitundika ukutani. Cheti hicho kinasema kampuni ina utaratibu wa kusimamia mambo ya mazingira. Hakisemi mto ni safi. Ni kama dereva mwenye leseni. Leseni inaonyesha alifuzu, lakini haikuambii kama jana alimgonga mtu.

SWALI LA TATU: TOPE LIMEKAA WAPI, NA LITAKAA MPAKA LINI?

Wakia moja ya dhahabu hutoka kwenye tani nzima za mawe. Mawe yanasagwa, yanachanganywa na sianidi, dhahabu inatoka, na kinachobaki ni tope. Tope hilo hutunzwa kwenye bwawa la topesumu. Dhahabu inapanda ndege na kwenda zake. Bwawa linabaki Nyamongo.

Mwaka 2019, mwezi Mei, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa hilo. Julai likaamuru bwawa lisitumike. Septemba, Barrick ilipokwisha kuinunua Acacia iliyokuwa ikiendesha mgodi, zuio likaondolewa.

Bilioni 5.6! Ukizisikia unasema wamekomeshwa. Hebu tupige hesabu. Mwaka 2018 mgodi huo ulizalisha zaidi ya wakia 300,000. Wakia moja mwaka ule iliuzwa zaidi ya dola 1,200. Hizo ni zaidi ya dola milioni 360. Faini ilikuwa kama dola milioni 2.4. Kwa kila shilingi mia ya dhahabu, faini haikufika shilingi moja. Daladala yenye matairi vipara ikipigwa faini ya namna hiyo, konda analipa huku anaita abiria.

Tena faini haisafishi mto. Unapoambiwa kampuni imelipa, uliza: bwawa limerekebishwaje? Maji kiasi gani yameondolewa na kusafishwa? Vipimo vya baada ya ukarabati vinasemaje? Kulipa ni jambo moja, na kutengeneza ni jambo jingine.

Mabwawa haya si mzaha. Januari 2000 bwawa la mgodi wa dhahabu huko Baia Mare, Romania, lilipasuka na mita za ujazo kama 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia mtoni, zikavuka mpaka na kuua zaidi ya tani 1,000 za samaki nchini Hungaria. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la Vale huko Brumadinho, Brazili, liliporomoka na kuua watu 270. Miezi michache kabla, wakaguzi waliolipwa na kampuni walikuwa wamethibitisha kuwa bwawa lile ni imara. Ule mtihani wa kujisahihishia ndio huo, na malipo yake yalikuwa roho za watu.

Hapa kwetu, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka. Tope likafunika nyumba na mashamba. Tunashukuru hakuna aliyekufa. Lakini tusifanye bahati kuwa ndiyo sera.

SWALI LA NNE: VIUMBE GANI, NA WAKO WAPI?

Ukiwataja viumbe hai mbele ya mtu wa mjini, akili yake inakimbilia simba na nyumbu. Kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana vitabu vyao vimejaa swala. Lakini tazama ramani. Mto Mara unatoka Kenya, unapita hifadhi ya Serengeti, halafu ndipo unafika jirani na Nyamongo. Nyumbu unaowaona kwenye televisheni wakivuka mto wako juu ya mgodi. Walioko chini ya mgodi ni wengine: kambare, kamongo, ndege wa mafunjo, nzohe, na wavuvi wa ardhioevu kubwa ya Mara. Hao hawana watalii wa kuwapiga picha. Kwa hiyo mgodi ukikuonyesha picha ya nyumbu, mwambie akuonyeshe orodha ya samaki wa Kirumi.

Hata wadudu wana kazi. Wako wadudu wa majini wasiovumilia uchafu. Wakitoweka, ujue mto unaumwa. Tanzania ina mfumo wake wa kupima mito kwa kuwahesabu wadudu hao, unaitwa TARISS. Chupa ya maji inakueleza hali ya saa ile ilipochotwa. Mdudu ameishi mtoni wiki na miezi, hivyo anakusimulia yaliyopita hata usiku wewe ukiwa umelala.

Na ukisikia kampuni inaahidi kuacha mazingira yakiwa bora kuliko ilivyoyakuta, shika mfuko wako. Rio Tinto ilitoa ahadi ya namna hiyo mwaka 2004, na mgodi wake wa Madagaska, kwenye misitu ya pwani ya Fort Dauphin, ukafanywa mfano wa dunia. Mwaka 2016 kampuni ikaiacha ahadi. Wataalamu waliokuwa kwenye kamati ya kuushauri mgodi huo juu ya viumbe hai wakajiuzulu. Msitu ulikwisha kukatwa kwa ahadi, na ahadi haikuwa na mtu wa nje wa kuishikilia.

SWALI LA TANO: SIKU WAKIONDOKA, NANI ANALIPA?

Hakuna mgodi wa milele. Buzwagi, kule Kahama, ulianza 2009 na ukafika mwisho mwaka 2021, na mipango ikawekwa ya kuugeuza kuwa eneo maalum la uchumi. Sawa. Lakini shimo ni shimo. Marundo ya mawe yataendelea kunyeshewa mvua hata mtoto wako akiwa babu.

Ndiyo maana utaratibu wa madini uliotokana na sheria ya 2010 unataka mwenye mgodi aweke dhamana ya kurekebisha eneo, fedha ambazo zitatumika hata kampuni ikifilisika au ikitokomea. Hapo una swali fupi kuliko yote: dhamana ni kiasi gani, iko kwa nani, na nani alikadiria kuwa inatosha? Mwenye nyumba wa Temeke anakudai kodi ya miezi kabla hujaingiza kitanda. Itakuwaje kijiji kikabidhi ardhi yake bila kujua kilichowekwa rehani?

REFA MWENYE HISA

Sasa tufike penye kiini. Kazi ya kuusahihisha mgodi ni ya serikali. Lakini serikali hiyohiyo ina hisa. Wewe mpenzi wa soka, nikuulize: kwenye mechi ya watani wa jadi, refa akiwa na hisa katika timu moja, utakubali filimbi yake? Huenda ni mtu mwaminifu. Huenda penalti ile ilikuwa halali kabisa. Lakini uwanja mzima utapiga kelele, na utakuwa na sababu.

Sipingi nchi kuwa na hisa. Mali ni yetu, tuchume. Lakini kadiri refa anavyokuwa karibu na timu, ndivyo uwanja unavyohitaji kamera nyingi zaidi. Na kamera hapa ni vipimo vilivyo wazi kwa kila mtu.

Kuna watakaokwambia: "Mbona wachimbaji wadogo ndio waharibifu, wanamwaga zebaki?" Ni kweli zebaki inatumika, ni kweli ni sumu inayopanda mpaka kwenye samaki, na vijana wenzetu wanaishika kwa mikono mitupu na kuichoma jirani na wanapopikia. Nao wapimwe, nao waelimishwe, nao wakikosa wabanwe. Lakini kosa la jirani halifuti lako. Tena ni sababu nyingine ya kupima sawasawa: zebaki ina alama yake na sianidi ina yake. Maabara ya uhakika itamtaja kila mtu kwa uchafu wake.

WEWE UFANYE NINI?

Wengine wataishia kusema "nchi hii bwana," wataagiza kahawa nyingine na kurudi kwenye bao. Wewe usiwe hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inakuruhusu kwenda mahakamani kuidai. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Haiishii kwenye ofisi za umma tu, inagusa hata kampuni binafsi iliyoshika taarifa yenye maslahi makubwa kwa umma. Ina mianya ya kukunyima, nakubali. Lakini anayekunyima itabidi aandike sababu, na karatasi hiyo nayo ni habari.

Kwa hiyo kaeni watu watano. Mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike. Ombeni vitu vitano: vipimo vya kabla ya mgodi, vipimo vya maji vya miaka mitatu iliyopita pamoja na ramani ya mahali yalipochotwa, ripoti ya ukaguzi wa bwawa la topesumu, hesabu ya viumbe wa majini chini ya mgodi, na kiasi cha dhamana ya kufunga. Pelekeni nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Andikeni tarehe. Hesabuni siku 30.

Wakijibu, leteni majibu tuyasome pamoja, na kama mgodi umefaulu tutauandika kuwa umefaulu, kwa herufi kubwa. Wasipojibu, leteni ile nakala yenye muhuri.